Namba ya TDS Kijitoni: Imetoka Wapi, na Inasema Nini

Hotuba kwa wapimaji wa jumuiya za watumiaji maji, miteremko ya Mlima Meru

Wazee wetu wa mifereji, shikamooni. Viongozi wa jumuiya za watumiaji maji, walimu, mabwana na mabibi afya, wenzetu wa maabara, na ninyi vijana mnaoshuka kijitoni na mita mkononi, habari za asubuhi.

Naomba niingie moja kwa moja kwenye kazi. Chukua glasi moja ya maji ya kijito. Tumbukiza humo mita mbili za TDS, yaani za jumla ya yabisi zilizoyeyuka majini, zote mpya, zote nzima, betri zimejaa. Moja inaweza kuandika 300 na nyingine 420. Hakuna iliyoharibika kati ya hizo mbili. Mpimaji asiyejua sababu atachagua ile anayoipenda, na hapo ndipo kumbukumbu za mwaka mzima zinapopoteza thamani.

Sababu ni kwamba mita hizi hazipimi yabisi zilizoyeyuka. Zinapima kitu kingine: jinsi umeme unavyopita majini kati ya elektrodi mbili. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ioni, na ioni ndizo zinazobeba umeme. Namba hiyo ya umeme, inayosomwa kwa mikrosiemensi kwa sentimita, ndiyo iliyopimwa kweli. Kisha mita yenyewe huizidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani na kuonyesha jibu kama miligramu kwa lita. Kuna mita zinazofuata chumvi ya kawaida ya jikoni, nazo huzidisha kwa 0.5. Nyingine zinafuata mchanganyiko wa chumvi tatu unaoiga maji ya asili, nazo huzidisha kwa karibu 0.7. Maji ya mikrosiemensi 600 yatakuwa 300 kwenye mita ya kwanza na 420 kwenye ya pili. Maji ni yale yale.

Ombi langu kubwa leo ni hili: kwenye daftari, andikeni upitishaji umeme kwanza. Mita nyingi zina kitufe cha kubadili kutoka TDS kwenda EC, ambayo ndiyo huo upitishaji umeme. Bonyezeni, someni, andikeni. TDS ikokotolewe baadaye, na kizidishi kilichotumika kiandikwe pembeni yake. Kama mita yako haina kitufe hicho, tafuta kwenye karatasi iliyokuja nayo kizidishi chake ni kipi, ukiandike kwenye jalada la daftari kwa kalamu isiyofutika. Usomaji wa TDS usio na kizidishi hauwezi kulinganishwa na wa mtu mwingine, wala na wako mwenyewe siku mita ikibadilishwa.

Kuna jaribio dogo ambalo walimu wanaweza kulifanya darasani. Yeyusha nusu gramu ya chumvi safi ya mezani kwenye lita moja ya maji ya betri. Mita itapanda hadi karibu mikrosiemensi 1000. Kwenye lita nyingine weka gramu mbili za sukari. Yabisi zilizoyeyuka sasa ni mara nne ya zile za chumvi, lakini mita haitasogea kwa kiasi cha kuzungumzia, kwa sababu sukari haigawanyiki kuwa ioni. Mwanafunzi aliyeona hilo hatasahau kwamba mita hii ni kipofu kwa kila kitu kisichobeba umeme: sukari, mafuta, sehemu kubwa ya dawa za mashambani. Na kwa vijidudu pia.

Sasa, kipimo chenyewe cha yabisi zilizoyeyuka hufanyika maabara, kwa mizani. Nitakieleza kwa kirefu, kwa sababu ndicho kinachotupatia kizidishi cha maji yetu wenyewe.

Bakuli la kauri huchomwa kwenye oveni kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa saa moja, hupozwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye silika ya kunyonya unyevu, kisha hupimwa uzito kwenye mizani inayosoma hadi 0.1 ya miligramu. Maji hutikiswa vizuri, huchujwa kwenye chujio la nyuzi za kioo lenye matundu yasiyozidi mikromita 2, lililokwisha kuoshwa. Kinachobaki juu ya chujio ni yabisi zinazoelea: udongo, majani, mchanga laini. Hizo si zetu leo. Kinachopita ndicho tunachokitaka. Chujio husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa, mililita 10 mara tatu, ili kisibaki kitu. Maji yaliyochujwa hukaushwa polepole, chini kidogo ya nyuzi za kuchemka, maana yakitokota yanarusha matone nje ya bakuli na uzito unapotea. Yakishakauka, bakuli huingia oveni ya nyuzi 180 kwa saa moja au zaidi, hupozwa, hupimwa. Kisha hurudishwa ovenini, hupozwa, hupimwa tena. Kazi haijaisha mpaka tofauti ya vipimo viwili vinavyofuatana iwe chini ya asilimia 4 au chini ya nusu miligramu, kutegemea ipi ni ndogo.

Kwa nini kurudia hivyo? Fanya hesabu. Ukikausha mililita 100 za maji yenye miligramu 400 kwa lita, kinachobaki kwenye bakuli ni miligramu 40 tu. Alama ya kidole chenye jasho, au bakuli lililopimwa likiwa bado vuguvugu, ikiongeza au kupunguza miligramu moja, jibu limekosewa kwa miligramu 10 kwa lita. Ukitumia mililita 50, kosa hilo hilo linakuwa 20. Kwa upande mwingine, usijaze maji mengi kupita kiasi ukidhani unapata usahihi: masalia yakizidi miligramu 200 hufanya utando mgumu juu, unaofungia maji ndani yake, na uzito unasoma juu.

Na kwa nini nyuzi 180, si 105 kama kwenye vipimo vingine? Kwa nyuzi 105 baadhi ya chumvi hubaki zimeshikilia maji kwenye fuwele zake. Nyuzi 180 huyafukuza sehemu kubwa. Lakini joto hilo lina gharama yake, na gharama hiyo inatuhusu sisi wa Meru kuliko watu wa sehemu nyingine nyingi.

Miamba ya mlima huu ni ya volkano, yenye sodiamu kwa wingi, na maji yanayopita humo hutoka yamebeba sodiamu baikabonati. Baikabonati ikikaushwa kwa joto hilo haibaki baikabonati. Inageuka kuwa kabonati, na sehemu ya uzito wake hutoroka hewani kama mvuke na hewa ya ukaa. Ukitaka namba zake: gramu 168 za sodiamu baikabonati huacha gramu 106 za sodiamu kabonati, gramu 62 zimeondoka, yaani 18 za maji na 44 za hewa ya ukaa. Zaidi ya theluthi. Kwa hiyo mtu akijumlisha ioni moja moja kwenye ripoti ya maabara, akaweka baikabonati yote kama ilivyokuwa kijitoni, atapata jumla kubwa kuliko ya mizani, kisha atasema maabara imekosea. Haijakosea. Njia ni mbili na majibu ni mawili. Muulize mtoa ripoti: TDS hii ni ya mizani au ya kujumlisha?

Kizidishi cha kijito chako basi kipatikane hivi. Chukua sampuli mahali pale pale katika majira tofauti: kiangazi, masika, vuli, na katikati yake. Kila sampuli isomwe upitishaji umeme, na sehemu nyingine ya chupa hiyo hiyo iende kwenye mizani. Gawanya TDS ya mizani kwa EC. Maji ya asili mengi huangukia kati ya 0.55 na 0.7. Vijito vya chini yetu vikikupa 0.6, hiyo 0.6 ndiyo yako. Acha ya kiwandani. Jozi moja ya vipimo haitoshi, kwa sababu mchanganyiko wa chumvi wakati wa mafuriko si ule wa kiangazi. Na kijito jirani kinachotoka kwenye chemchemi tofauti kinahitaji kizidishi chake.

Nakuja kwenye kupima kijitoni, mahali ambapo data nyingi huharibika.

Kabla ya kutoka nyumbani, mita isomwe kwenye myeyusho sanifu wa 1413, yaani ule ambao upitishaji wake unajulikana kuwa mikrosiemensi 1413. Huo ni potasiamu kloraidi ya 0.01 M: gramu 0.7456 za potasiamu kloraidi iliyokaushwa, katika lita moja kamili. Namba 1413 ni ya nyuzi 25. Kwa nyuzi 20 myeyusho huo huo ni 1278, kwa hiyo soma jedwali lililobandikwa kwenye chupa kabla ya kuilaumu mita ambayo haijirekebishi kwa joto. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, tumia, mwaga. Usikirudishe kwenye chupa kamwe, hata kama unaona ni hasara: tone moja la maji ya kijito limeingia, na kuanzia hapo chupa nzima si sanifu tena. Chupa ikiachwa wazi, maji huvukiza na myeyusho unazidi nguvu. Mita itakayolinganishwa nao itasoma chini kila mahali, na hakuna atakayejua. Vijito vyenye chumvi kidogo sana, vya juu msituni, vinafaa kukaguliwa kwa myeyusho wa 84, kwa sababu mita iliyo sawa kwenye 1413 inaweza kuwa imepotoka chini kabisa.

Maji ya kusuuzia: watu wengi wananunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta, na yanafaa, lakini yasome kwanza kwa mita. Yakiwa juu ya mikrosiemensi 10, tafuta mengine. Na tafadhali, soma lebo kwa makini, kwani asidi ya betri nayo huuzwa kwenye duka hilo hilo, na inaunguza ngozi na macho.

Ukifika, simama upande wa chini wa mahali unapochota, ukielekea mkondo unakotoka, ili matope unayotibua yaende nyuma yako. Chota katikati ya mkondo, maji yanapotembea. Kwenye kingo zilizotuama maji huwa yamepata joto, yamevukiza, au yamepokea majimaji ya shambani. Suuza kikombe mara tatu kwa maji ya kijito chenyewe. Tumbukiza elektrodi, zungusha na gonga kidogo ukutani mwa kikombe ili mapovu yatoke. Povu dogo likinasa kati ya elektrodi linachukua nafasi ya maji, na usomaji unashuka. Hilo ndilo kosa ninaloliona limejificha kwenye data nyingi, tarehe moja iliyo chini ghafla bila mvua yoyote. Subiri namba itulie. Mita iliyokuwa kwenye jua juu ya pikipiki haiwezi kutulia kwa sekunde tano. Soma mara mbili, kwa maji mapya. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 2 au 3, soma ya tatu.

Joto liandikwe kila mara. Upitishaji umeme hupanda kwa takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Mita nzuri hurudisha usomaji kwenye nyuzi 25 yenyewe, ila si zote. Tuseme maji yenye 600 kwa nyuzi 25 yanapimwa juu mlimani asubuhi, kwa nyuzi 15, na mita isiyojirekebisha: yatasoma 480. Mchana, chini kwenye mashamba, kwa nyuzi 25, maji hayo hayo yanasoma 600. Mpimaji ataandika kwamba chumvi imeongezeka kwa robo njiani, na kijiji cha katikati kitalaumiwa kwa jambo ambalo ni joto la jua tu. Kwa mita ya namna hiyo, gawanya usomaji kwa 1 jumlisha 0.02 mara tofauti ya joto na 25. Kwa mfano wetu: 480 kugawanya kwa 0.8, unarudi 600.

Elektrodi zikipata ukoko mweupe, loweka kwenye siki nyeupe kwa dakika kumi, suuza sana, linganisha upya. Zikiwa na mafuta, tumia spiriti. Usizifute kwa shuka au kidole, na usizamishe mita ya kalamu kupita mstari wake, maana maji yakishaingia ndani namba zinacheza kwa siku kadhaa kabla haijafa kabisa, na hizo siku kadhaa ndizo zenye madhara.

Maji ya kupeleka maabara yajazwe chupani hadi mdomoni bila hewa, yawekwe kwenye boksi la barafu, karibu nyuzi 4, na yachakatwe ndani ya siku 7. Chupa ikikaa juani, sehemu ya kalsiamu hujitenga kama chokaa na kushikamana ukutani; mizani haitaiona tena.

Tukishakuwa na namba safi, zinatusaidia nini? Hapa ndipo ninapofurahi, maana mita ya bei ndogo inaweza kufanya kazi ambayo wengi hawaitegemei.

Tembea na kijito kutoka chemchemi hadi chini ndani ya siku moja, ukisoma kila baada ya umbali fulani na juu na chini ya kila makutano. Tuseme kijito kikuu kinasoma 250, kijito kinachoingia kinasoma 700, na baada ya kuchanganyika unasoma 340. Toa 250 kutoka 340, unapata 90. Toa 250 kutoka 700, unapata 450. Tisini kwa mia nne hamsini ni sehemu moja ya tano: asilimia 20 ya maji ya chini yanatoka kwenye kijito kile kidogo. Kama umepima mtiririko wa chini kuwa lita 200 kwa sekunde, kijito kidogo kinaleta lita 40, bila kukanyaga ndani yake. Sharti ni moja: hakikisha maji yamechanganyika. Soma kwenye ukingo wa kulia, katikati na kushoto. Namba zisipolingana, shuka zaidi. Na pale ambapo EC inaruka ghafla pasipo makutano yoyote yanayoonekana, tafuta chemchemi ya chini ya mkondo, mtaro, au bomba.

Namba hiyo isisomwe bila mtiririko. Lita 200 kwa sekunde zenye EC 340, kwa kizidishi cha 0.6, ni miligramu 204 kwa lita, yaani gramu 40.8 kila sekunde, yaani tani 3.5 za chumvi kwa siku. Masika yakija, mtiririko uwe lita 800 na EC ishuke hadi 200: namba imeshuka, lakini chumvi inayosafiri imefika tani 8.3 kwa siku. Atakayetazama EC peke yake atasema maji yamepona. Kiangazi ni kinyume chake. Mifereji ikichukua maji mepesi ya juu, yanayobaki chini ni ya chemchemi nzito, na EC inapanda bila mtu yeyote kumwaga kitu. Wazee wa mifereji, kitabu chenu cha zamu kikiwekwa kando ya daftari la mita, kitaeleza mambo ambayo maabara haiwezi kuyaeleza.

Kwa mashamba, mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji yasiyozidi mikrosiemensi 700, sawa na miligramu 450 hivi kwa lita, hayana kizuizi kwa upande wa chumvi. Kati ya 700 na 3000 inabidi kuchagua mazao na kumwagilia kwa uangalifu. Juu ya hapo ni taabu kubwa. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo vinavyolalamika mapema. Nyanya huvumilia zaidi. Ila kwa maji ya sodiamu kama yetu, EC nzuri haimaanishi udongo uko salama: sodiamu huvunja chembe za udongo, juu kunafanya ukoko, na maji hayapenyi. Hilo linahitaji kipimo cha sodiamu, kalsiamu na magnesi.

Kwa kunywa, Shirika la Afya Duniani linasema maji chini ya miligramu 600 yana ladha nzuri, na juu ya 1000 ladha inaharibika. Angalieni: hicho ni kipimo cha ladha. Hakuna kiwango cha afya kilichowekwa kwa TDS. Na kwa watu wa Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngare Nanyuki, hapa ndipo pana hatari ya kweli, kwa sababu tatizo letu linaitwa floraidi.

Kiwango cha mwongozo wa shirika hilo ni miligramu 1.5 kwa lita. Tuseme maji yana TDS 500 na floraidi 5. Floraidi hiyo, zaidi ya mara tatu ya kiwango, ni asilimia moja tu ya chumvi zote. Mita nyingi zenyewe zina kosa la asilimia 2. Kwa hiyo floraidi inayotia meno ya mtoto rangi ya kahawia na kupinda mifupa yake imefichwa kabisa ndani ya kosa la mita. Mtu asimwambie mama kwamba maji yake ni salama kwa kuwa TDS ni 200. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, floraidi inazidi kukolea. Wenye chujio za mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wasitumie mita ya TDS kujua kama mkaa umechoka. Mkaa ulio mpya na uliokufa vinaweza kutoa maji yenye TDS ile ile. Hapo inatakiwa elektrodi ya floraidi au kipimo cha rangi, na sampuli yake iwekwe kwenye chupa ya plastiki, kwa kuwa floraidi hushikana na kioo.

Mezani pale pana kikombe cha 1413, maji ya kusuuzia na siki. Kabla ya maswali, kila kikundi kisome mita yake humo, kiandike namba iliyoonekana, joto, na kizidishi chake, kisha tuzibandike zote kwenye ubao mmoja.